Uzi: Rekodi ya bondia isomwe vipi? Waliopigwa mara nyingi na bado walikuwa hodari

Mleta mada (Kikwajuni, Unguja)

Assalaam alaykum wanajukwaa.

Juzi usiku barazani kwetu kijana mmoja alitoa simu, akalitafuta jina la bondia wa mtaa wetu katika BoxRec, mtandao unaohifadhi rekodi za mabondia, akasoma kwa sauti mbele ya watu: mapambano 9, ameshinda 4, amepigwa 5. Akaifunga simu, akasema, "Huyu hamna kitu." Hakuna aliyembishia. Mchezo wa bao ukaendelea na mimi nikaondoka, kwa sababu bondia huyo ni mpwa wangu, nimemshikia ndoo na taulo katika mapambano 6 kati ya hayo 9, na kila namba iliyosomwa pale naijua ilikotoka.

Kati ya mara 5 alizopigwa, 4 zilikuwa Bara. Safari moja aliitwa Jumatatu akapigane Jumamosi, kwa kuwa bondia aliyepangwa awali alikuwa ameumia mkono. Akapanda boti ya asubuhi siku ya Ijumaa, bahari imechafuka, akatapika njia nzima, na saa nane mchana akapanda kwenye mzani akiwa pungufu ya mpinzani wake kwa kilo 3. Promota, ambaye sitamtaja, alimwambia kwamba kama hataki basi wapo wengine wanaotaka. Akapigana raundi zote 8, akapoteza kwa pointi, na watu wa ukumbi ule, ambao hawakumjua hata jina, wakasimama kumpigia makofi. Mtandaoni, usiku ule mzima umebaki kuwa alama moja nyekundu.

Ndiyo maana naleta uzi huu. Naomba tuzungumze kwa utulivu juu ya mabondia ambao rekodi zao zinawasingizia, wale waliopigwa mara nyingi na bado walikuwa mafundi, na pia wale walioshinda mfululizo kwa sababu waliandaliwa washinde.

Naanza na mtu ninayempenda kuliko wote katika jambo hili, Mmarekani Emanuel Augustus, ambaye mwanzoni alipigana kwa jina la Emanuel Burton. Alimaliza safari yake akiwa na ushindi 38, vipigo 34 na sare 6. Kijana wetu wa barazani angeisoma rekodi hiyo na kuifunga simu. Lakini Floyd Mayweather, aliyestaafu akiwa na ushindi 50 bila ya kupigwa hata mara moja, alipoulizwa miaka mingi baadaye ni nani aliyempa kazi ngumu kuliko wote, aliwaacha mabingwa wote wa dunia aliokutana nao akamtaja Augustus. Walipambana Detroit mwezi wa Oktoba 2000, na ingawa Mayweather alimmaliza katika raundi ya 9, anayelitazama pambano hilo leo ataona bingwa mkubwa akilazimika kufikiri kila sekunde, kwa sababu Augustus alikuwa na mtindo wa kuyumba na kucheza kama mtu aliyelewa, mabega yakienda huku na kichwa kikienda kule, kisha konde likatokea mahali ambapo mpinzani hakulitazamia. Mwaka uliofuata alipigana na Micky Ward, na jarida la The Ring likalichagua pambano lao kuwa pambano bora la mwaka 2001. Hilo nalo alipoteza kwa pointi.

Kwa nini basi vipigo 34? Hakuwa na promota mkubwa wa kumtafutia wapinzani wepesi, alikubali mapambano kwa taarifa ya siku chache, na karibu kila alikokwenda alikuwa mgeni. Mgeni ulingoni ana deni kabla kengele haijalia, kwa kuwa raundi iliyo sawa kwa sawa huandikwa upande wa mwenyeji. Mwezi wa Julai 2004, mjini Muskegon katika jimbo la Michigan, alipigana na Courtney Burton aliyekuwa kwao, refa akamkata pointi katika namna iliyowashangaza watu wengi, na majaji wawili kati ya watatu wakampa mwenyeji ushindi. Mchambuzi wa televisheni, Teddy Atlas, alikasirika hadharani hadi leo watu wanaitafuta video hiyo. Hasira ile haikubadilisha kitu. Ukifungua rekodi ya Augustus, kipigo hicho kimekaa pamoja na vingine, kwa rangi ile ile.

Wa pili ni Glen Johnson, mzaliwa wa Jamaika aliyeanza ngumi akiwa Marekani, akifanya kazi za ujenzi mchana na mazoezi jioni. Habari yake inanigusa kwa sababu alionja pande zote mbili. Mwaka 1997 alikuwa na ushindi 32 bila ya kupigwa, akakutana na bingwa wa dunia Bernard Hopkins, akasimamishwa katika raundi ya 11. Baada ya hapo milango ikafungwa. Alizunguka nchi za watu kutafuta riziki, akipigana nyumbani kwa wenzake, akapoteza kwa pointi mara kadhaa katika mapambano ambayo angepewa yeye lau yangefanyika kwao. Kufikia mwanzo wa 2004, aliyesoma rekodi yake bila kumtazama akipigana angesema huyu ni mtu wa kusindikiza wengine. Mwezi wa Februari mwaka huo akaenda Sheffield, Uingereza, akamshinda Clinton Woods na kutwaa mkanda wa ubingwa wa dunia wa IBF, moja ya mashirikisho ya ngumi duniani. Mwezi wa Septemba, mjini Memphis, akamlaza bingwa wa zamani wa dunia Roy Jones Junior chini katika raundi ya 9, na Jones alikaa chini muda mrefu hadi watu wakaogopa. Mwezi wa Disemba akamshinda Antonio Tarver, mtu ambaye naye alikuwa amemwangusha Jones mwaka ule ule. Waandishi wa ngumi wa Marekani wakamtangaza kuwa bondia bora wa mwaka. Alistaafu akiwa na vipigo 21, na sijui ni mabingwa wangapi wa leo wenye rekodi safi ambao wangekubali kupita njia aliyopita yeye.

Sasa tutazame upande wa pili. Wazee wetu walisema usione vyaelea, vimeundwa, na sioni mahali msemo huo unapokaa vizuri zaidi kuliko kwenye rekodi safi ya bondia. Brian Nielsen wa Denmark alifikisha ushindi 49 mfululizo, sawa kabisa na Rocky Marciano, bingwa wa uzito wa juu aliyestaafu bila kupigwa. Sehemu kubwa ya ushindi wa Nielsen ilipatikana nyumbani kwake, dhidi ya wazee waliokwisha nguvu na wapinzani waliochaguliwa kwa uangalifu. Mwezi wa Juni 1999, alipotaka ushindi wa 50 ili ampite Marciano, aliletewa Mmarekani Dicky Ryan, mtu ambaye hakuna aliyemtarajia, na Ryan akamsimamisha katika raundi ya 10. Marciano na Nielsen waliwahi kuwa na namba moja, 49 kwa sifuri. Nani kati yetu atasema walikuwa mabondia wa daraja moja?

Naomba michango yenu.

Mchangiaji (Chake Chake, Pemba)

Wa alaykumu salaam, Maalim. Nimeisoma mada yako mara mbili na nyingi ya hoja zako nazikubali, ila nina wasiwasi mmoja ambao naomba tuujadili kwa uwazi. Tukishazoea kusema kwamba kila kipigo kina sababu yake, hatutabaki na kipimo chochote. Kila bondia aliyepigwa atakuja na habari za safari, mzani na majaji. Mimi ni mtu wa kwetu Pemba, na katika mchezo wa ng'ombe hakuna anayeandika nani kaangushwa mara ngapi, watu hukumbuka tu nani alisimama mbele ya ng'ombe mkali na kitambaa chake bila kukimbia. Utaratibu ule ni mzuri kwa furaha ya kijiji, lakini ngumi za kulipwa ni biashara na mashindano, na lazima pawe na daftari.

Nikupe mfano mmoja unaonitatiza. Watu wanaopenda hoja kama yako humtaja sana Orlando Salido wa Meksiko. Kweli, ana vipigo 14 na sare 4 pamoja na ushindi wake 44, na kweli mwezi wa Machi 2014, mjini San Antonio, alimshinda Vasyl Lomachenko, mshindi wa dhahabu mbili za Olimpiki. Lakini Salido siku ya kupima uzito alizidi, akavuliwa mkanda wake wa ubingwa mzanini, kisha akapanda ulingoni akiwa mzito kuliko mwenzake, na makonde mengi aliyapiga chini ya kiuno bila ya refa kumwadhibu. Hapo rekodi imemsingizia nani? Mimi naona imemsingizia Lomachenko, ambaye lilikuwa pambano lake la pili tu la kulipwa.

Mleta mada (Kikwajuni, Unguja)

Sheikh wangu wa Chake, ahsante sana, na mfano wako ni mzito kuliko nilivyotegemea. Nakubaliana nawe kuhusu usiku ule. Pambano la San Antonio linatakiwa lisomwe pamoja na mzani wake, na kipigo cha Lomachenko hakikumshusha hata kidogo mbele ya mtu anayeujua mchezo, maana miezi michache tu baadaye alikuwa bingwa wa dunia.

Hata hivyo, Salido simwachi aende na hukumu ya usiku mmoja. Alianza ngumi za kulipwa akiwa na umri wa miaka 15. Tafakari jambo hilo: mtoto ambaye kwetu angekuwa yumo darasani, anapandishwa ulingoni na watu wazima kwa ajili ya fedha. Vipigo kadhaa katika vile 14 ni vya utotoni, vya wakati ambapo mifupa yake ilikuwa bado haijakomaa, na rekodi imeviweka kwenye kapu moja na vile alivyopata akiwa mtu mzima mbele ya mabingwa. Mtu huyo huyo alikwenda Puerto Riko mwaka 2011, akamkuta Juan Manuel López hajawahi kupigwa, akamsimamisha mbele ya watu wake, kisha mwaka 2012 akarudi kule kule na kumsimamisha tena. Ukiniuliza Salido alikuwa nani, nitakutajia safari hizo mbili kabla ya San Antonio.

Daftari sitaki lichomwe, ndugu yangu. Nataka lisomwe hadi ndani, kama hakimu anavyosoma faili la kesi na asiishie kwenye jalada.

Mchangiaji (Mzaliwa wa Malindi, sasa Birmingham)

Salaam kwenu nyote. Nimeishi Birmingham, Uingereza, miaka 14 na naomba niongeze jambo ambalo huko nyumbani huenda halifahamiki vizuri, nalo ni kwamba wapo mabondia ambao kushindwa ndiyo ajira yao, na baadhi yao ni mafundi kweli kweli.

Katika mji huu alikuwapo mtu akiitwa Peter Buckley. Alipigana mapambano 300 ya kulipwa, akashinda 32, akatoa sare 12 na kupigwa 256. Anayesikia namba hizo hucheka, lakini Buckley alikutana na Naseem Hamed mara mbili, yule mtoto wa Kiyemeni wa Sheffield ambaye nakumbuka wazee wa Malindi, kwetu Unguja, walikuwa wakikesha kumtazama kana kwamba ni mtoto wao, alikutana pia na Duke McKenzie, na katika vipigo vyote hivyo ni mara chache sana aliposimamishwa. Mtu asiyejua ngumi hawezi kupigana mara 300 na mabondia vijana wenye njaa ya kupanda na akarudi nyumbani akiwa mzima.

Utaratibu wake ni huu. Katika kumbi ndogo za hapa, bondia mwenyeji ndiye anayeuza tiketi kwa jamaa, majirani na wafanyakazi wenzake, na fedha ya usiku mzima inatokana na tiketi hizo. Mgeni huletwa kwa malipo maalumu ili amfundishe mwenyeji kazi kwa raundi 4 au 6. Akimshinda mwenyeji mara kwa mara, mapromota wataacha kumpigia simu. Akikubali kuangushwa, bodi ya ngumi itamzuia kupigana kwa siku zisizopungua 28 kwa ajili ya usalama wake, na yeye ana kodi ya nyumba wiki ijayo. Kwa hiyo anatakiwa ajue kukinga, kukumbatia, kugeuza kona na kumchosha kijana, apige kiasi cha kumtia adabu lakini asimharibie usiku wake. Tena katika mapambano hayo madogo ya Uingereza hakuna majaji watatu, refa peke yake ndiye anayeamua, na ulingo umezungukwa na watu wa mwenyeji. Kristian Laight alikwenda mbali zaidi, naye alipigana 300 akashinda 12 tu.

Buckley alipofika pambano la 300, mwaka 2008, hapa hapa Birmingham, aliamua kushinda, na akashinda. Mimi jambo hilo silisahau, kwa sababu linaonesha kwamba uwezo ulikuwapo siku zote ukiwa umefungiwa kabatini.

Mchangiaji (Chake Chake, Pemba)

Hili la Birmingham limenifungua macho, sikuwa nikilijua. Lakini sasa najiuliza, Maalim: mwangalizi wa kawaida, asiye na mtu kama wewe wa kumsimulia, atatambuaje kipigo cha ajira, kipigo cha dhuluma na kipigo cha udhaifu, ikiwa vyote vimeandikwa sawa?

Mleta mada (Kikwajuni, Unguja)

Ndugu yetu wa Birmingham, Mwenyezi Mungu akulipe kheri. Nami nimejifunza.

Kwa swali la Sheikh wa Chake: mimi kwanza hutazama pambano lilifanyika wapi na mpinzani ni wa wapi, kisha hutazama mpinzani yule alikuwa na rekodi gani siku ile, kwa kuwa kupigwa na mtu mwenye ushindi 20 bila kipigo si sawa na kupigwa na anayeanza. Halafu natazama namna alivyopigwa. Bondia anayepoteza kwa pointi katika raundi 8 au 10, ugenini, kwa hukumu ya majaji waliogawanyika, anakwambia kitu tofauti kabisa na anayeangushwa raundi ya kwanza nyumbani kwake. La mwisho ni tarehe. Ukiona mtu amepigana mara mbili ndani ya wiki tatu, katika miji miwili iliyo mbali, jua kwamba aliitwa kuziba pengo. Yote haya yamo katika ukurasa ule ule aliousoma kijana wa barazani, mistari michache chini ya pale alipoishia.

Na zipo dhuluma ambazo hata ukurasa hauwezi kuzionesha. Pernell Whitaker, kwa macho yangu mmoja wa mafundi wakubwa wa kukwepa waliowahi kuvaa glovu, alipigana na José Luis Ramírez nchini Ufaransa mwaka 1988, akanyimwa ushindi ambao karibu kila mtu alimpa. Mwaka uliofuata walirudiana Virginia, nyumbani kwa Whitaker, na safari hiyo akashinda bila ya ubishi. Mwaka 1993 mjini San Antonio, mbele ya umati mkubwa uliokuja kumshangilia Julio César Chávez, alitawala pambano na majaji wakatangaza sare. Rekodi inasema kipigo kimoja na sare moja. Watu wa ngumi wanasema ushindi mara mbili.

Zamani ilikuwa hivyo hivyo. Katika jimbo la New York, kati ya 1911 na 1917, sheria haikuruhusu mshindi kutangazwa ikiwa hakuna aliyeangushwa, na waandishi wa magazeti ndio waliomtaja mshindi kesho yake asubuhi. Sheria za namna hiyo zilikuwapo na katika majimbo mengine, na ndiyo maana Harry Greb, mtu pekee aliyemshinda Gene Tunney, aliyekuja kuwa bingwa wa uzito wa juu, alipigana karibu mara 300 lakini ushindi wake rasmi ni mia na kidogo tu. Sehemu kubwa ya maisha yake ulingoni imebaki katika magazeti ya zamani, nje ya hesabu.

Kwetu pia tumeliona hili kwa macho. Mwezi wa Septemba 2018 Hassan Mwakinyo wa Tanga aliitwa Birmingham kupigana na Sam Eggington mbele ya mashabiki wa Eggington, aliitwa kwa taarifa fupi, na hesabu ya waliompeleka ilikuwa kwamba Mwafrika huyu ni hatua nyepesi ya kukanyaga. Akammaliza katika raundi ya 2. Waliosoma namba zake bila ya kumtazama walishangaa, na waliomwona Tanga na Dar es Salaam hawakushangaa sana.

Mchangiaji (Mzaliwa wa Malindi, sasa Birmingham)

Usiku ule niliufuatilia kwa televisheni nikiwa kazini zamu ya usiku, na nilipiga kelele hadi msimamizi akaja kuuliza kuna nini. Naomba nikuulize, Maalim, hawa vijana wetu wa Unguja sasa wanapigania wapi? Nilipoondoka ngumi zilikuwa haziruhusiwi.

Mleta mada (Kikwajuni, Unguja)

Ndugu yangu, hilo ndilo lililonisukuma kuandika. Ngumi zilizuiwa hapa baada ya Mapinduzi ya 1964, wakati wa Mzee Karume, na zimerudi ulingoni mwaka 2023, chini ya Rais Hussein Ali Mwinyi. Kwa karibu miaka 60, Mzanzibari yeyote aliyetaka kupigana ilimbidi avuke bahari, na kila Mzanzibari aliyepanda ulingoni alipanda akiwa mgeni. Hakuna hata mmoja aliyewahi kupewa raundi ya sawa kwa sawa na majaji wa kwao, au kusikia jina lake likiimbwa na mtaa wake. Rekodi za vijana hao zote ziandikwe vipi, ikiwa mchezo mzima wameucheza upande mmoja wa kiwanja?

Naogopa jambo moja. Sasa kwa kuwa tuna ulingo wetu, naona baadhi ya mameneja wameanza kutafuta wapinzani wa kuletwa waanguke, ili vijana wetu wawe na rekodi safi za kuonesha Bara. Watatengeneza kina Nielsen wadogo, kisha siku ya kukutana na mtu wa kweli tutalia. Mpwa wangu aliletewa pendekezo la aina hiyo mwezi uliopita: mapambano 3 mepesi mfululizo, ili namba zake "zipendeze". Alikataa mwenyewe, kabla sijamwambia neno.

Amekubali pambano jingine, raundi 8, na bondia wa Bara mwenye ushindi mwingi kuliko wake. Litafanyika hapa Unguja, na ameambiwa wiki 7 kabla. Kila asubuhi baada ya sala ya alfajiri anakimbia kutoka Kikwajuni hadi Mtoni na kurudi, na mimi namfuata kwa baiskeli. Usiku wa kuamkia pambano atalala nyumbani kwa mama yake, jambo ambalo halijawahi kumtokea tangu aanze ngumi.